Plasta Juu ya Disko

Jumatatu, 6 Mei 1996

Leo maisha yangu yameanza. Yale ya nyuma hayahesabiki.

Nilikuwa Kericho kumnunulia Mama dawa ya kupe. Mlangoni pa klabu ya Two Leaves nikaona tangazo. Jumapili tarehe kumi na tisa, disko la mchana, mashindano ya vikundi vya watu wawili wawili. Muziki wa mitambo peke yake. Gitaa haziruhusiwi! Washindi watapiga pale kila wikendi na watapewa chumba nyuma ya klabu. Chumba chenye stima. Nilisimama pale nikisoma mpaka bawabu akaniuliza kama nimepotea.

Kwangu hii si burudani. Mama amesema nisipopata kazi kufikia mwezi wa sita, nitabeba kikapu cha marehemu baba na kuchuma chai mpaka mgongo uzoee. Mama akisema kitu hasemi tena. Anangoja tu.

Maono nimekuwa nayo tangu Februari, tulipoonyeshwa video katika ukumbi wa wafanyakazi wa shamba kubwa. Wazungu wawili, miwani nyeusi, kinanda kimoja, taa za kila rangi. Watu chini walikuwa wanalia kwa furaha. Mmoja alipiga kinanda. Wa pili sikuona akifanya chochote ila kuinua mkono. Nikajua hapo hapo. Huyo wa pili ni mimi.

Wa kwanza ni Kepher, fundi wa stima kule kiwanda cha chai. Ametoka upande wa ziwa, alijifunza kinanda katika kanisa la kwao. Nilimkuta akila chakula cha mchana nikamweleza yote, hata jina: Dabo Volti. Akasema sawa, omera (ndugu, kwa lugha yao), mimi nitapiga, lakini wewe utakuwa unafanya nini? Nikamwambia mimi ni upande wa maono. Akanyamaza. Kepher hunyamaza sana, hiyo ndiyo dosari yake.

Kinanda hatuna. Hilo ni jambo dogo.

Jumatano, 8 Mei

Kinanda kimepatikana!

Ni cha kanisa letu hapa Boito. Kilinunuliwa kwa harambee mwaka jana. Watu walitoa kuku, mayai, wengine walitoa majani ya chai ya wiki nzima. Mpigaji wake, mwalimu Johana, alihamishiwa Ndanai, na tangu hapo kinanda kinalala chini ya kitanda cha Mzee Hezekiah kikiwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilikwenda kwa mzee na Biblia kwapani. Nikamwambia nimesikia mzigo moyoni juu ya kwaya yetu. Nikamwambia nataka kufanya mazoezi nyumbani, kimya kimya, kwa ajili ya Bwana. Mzee akatoa kitambaa akafuta macho.

Lakini kuna sharti. Siku kile kinanda kilipoletwa, wazee walikaa kikao wakasoma vitufe vyote vya midundo kimoja kimoja. Walizi, wakasema sawa. Machi, sawa. Rumba, wakabishana mpaka jioni. Kisha wakafika palipoandikwa DISCO. Hapo hakuna aliyebisha. Wakapabandika plasta, ile ya kidonda, na plasta ipo mpaka leo. Mzee Hezekiah aliniwekea kidole juu yake akasema, "Kipson, hapa usikuse. Hapa ni Misri."

Niliapa kwa mkono wa kulia. Kabla sijafika kwetu nilikuwa nimeshaibandua.

Plasta ni ya zamani, zile imara, inabandika tena bila shida. Nimeihifadhi ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.

Jumamosi, 11 Mei

Mazoezi ya kwanza, ndani ya ghala la mahindi. Kwetu hakuna stima, kwa hiyo Dabo Volti inatumia betri za tochi. Hili lisijulikane Kericho.

Kepher alikuja akitoka zamu, mikono bado ina grisi. Akanawa kwanza kwa sabuni, akakaa juu ya gunia, akakitazama kinanda kwa muda kabla ya kukigusa. Akabonyeza Misri. Akapiga. Sijui niseme nini. Panya walitoka. Mimi nikainua mkono. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima na nimegundua wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto.

Nilirekodi kila kitu kwenye kaseti. Kwa bahati mbaya Mama alituingilia mara tatu. Mara ya kwanza kuuliza nani amekufa. Mara ya pili kutoa taarifa kwamba ng'ombe amefunga maziwa. Mara ya tatu alisimama mlangoni akapiga kelele hata sitaki kuiandika. Nilimwambia Kepher tutaifuta baadaye. Akasema Mama ana sauti nzuri. Ndiyo maana nasema maono aniachie mimi.

Adui mmoja. Anaitwa Bogonko, wa Chepilat. Ana kinanda chake mwenyewe, kizima, na mpira wa vioo unaozunguka. Lakini Mungu si Athumani! Mwenzake, Nyamwange, ameitwa chuo cha ualimu na ameondoka. Bogonko amebaki peke yake na mpira wake. Kepher ananiambia Bogonko alimsalimia sokoni, akamuuliza kama ana furaha anapopiga. Swali gani hilo? Nilimwonya Kepher kwamba yule ni mtu wa kuchukua vya wenzake.

Nikarudisha kinanda ndani ya kitambaa cha kanisa.

Jumapili, 12 Mei

Nilisahau plasta.

Mzee Hezekiah alinisimamisha nisome Zaburi. Nikafungua Biblia mbele ya kanisa zima na plasta hii hapa, imelala juu ya maneno ya Daudi. Sikuwa na la kufanya. Nikaibandika kidoleni haraka kama mtu aliyejikata. Ikawa sasa mimi nina plasta na kinanda hakina. Ibada nzima nilipiga kwa mkono mmoja, yaani nilibonyeza kitufe cha walizi kikajipigia chenyewe, wa pili umefunika Misri. Nyimbo zote zilikuwa walizi. Akina mama walisema baadaye kwamba upole wangu uliwagusa.

Nimeibandua kidoleni, nimeirudisha juu ya DISCO. Haitoki tena mpaka siku ya mashindano. Nimechoka sana.

Jumanne, 14 Mei

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Nilitaka picha ya kubandika ukutani pale Two Leaves. Wazo lilikuwa langu na bado nasema lilikuwa zuri: kinanda juu ya chai. Shamba la Mama limechumwa vizuri, kichwa cha chai kiko sawa kabisa, unaweza kuweka kikombe kisianguke. Nikaweka kinanda juu ya majani, sisi wawili nyuma yake na miwani. Mpiga picha wa soko akasema tucheke. Nikamwambia huu ni muziki wa mitambo, hatucheki.

Kepher alikuwa anatazama milima. Akasema saa nane inakaribia. Katika mwezi wa tano mvua yetu huja saa nane, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nikamwambia hizo ni habari za wakulima. Kepher akasema lakini, omera, si tuko ndani ya shamba?

Haikuwa mvua tu. Ilikuwa mvua ya mawe. Mpiga picha alikimbia, Kepher akakimbia, mimi nikakimbia. Kepher alidhani mimi nimebeba kinanda. Mimi nilidhani Kepher amebeba kinanda. Tulisimama chini ya paa la ghala tukitazamana mikono mitupu, na kule shambani tukasikia kinanda kikipigwa. Mawe yalikuwa yanaangukia juu yake. Kepher anasema haikuwa mbaya.

Nilipokifikia kilikuwa kimejaa barafu kati ya meno yake ya kupigia. Na chai ya Mama yote imechanikachanika. Mama alitoka, akatazama shamba, akatazama miwani yangu, akarudi ndani.

Mpiga picha anasema picha ni moja tu iliyotoka. Inaonyesha migongo yetu.

Jumatano, 15 Mei

Kinanda kilitoa sauti moja ndefu kikazima.

Kepher alikuja kukitazama kabla ya zamu. Akatoa betri, akakiinamisha, maji yakatoka. Akasema kifunguliwe, kipanguswe, kiwekwe karibu na jiko wiki mbili, kisiwashwe. Wiki mbili! Nikamkumbusha tarehe. Akasema basi tusubiri mashindano ya mwakani, cha watu tukitunze kwanza. Yeye ana mshahara na chumba cha kampuni. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema mwakani.

Nimelala chali mchana kutwa nikiwaza kikapu cha baba. Kiko ukutani, juu ya mlango. Kinanitazama.

Halafu jibu likaja. Watu wa nchi hii tunafanya nini na kitu kibichi kilichojaa maji? Tunakinyausha! Kila jani linalofika kiwandani limelowa linatandazwa juu ya kile kitanda kirefu cha wavu, feni inapuliza hewa ya uvuguvugu kutoka chini, kufikia kesho yake maji yamekwenda na jani halijaungua. Maisha yangu yote nimekaa juu ya jibu hili. Kinanda kitanyaushwa!

Kepher sijamwambia. Atanyamaza tu.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikifunga kinanda ndani ya kitambaa chake, nikakitia kwenye gunia la majani, nikajaza majani juu mpaka kikapotea. Nikakipeleka kituo cha kununulia majani kama mkulima yeyote. Karani aliinua gunia kwenye mizani akauliza kama siku hizi Rebeccah, mama yangu, anachuma na mizizi. Nikamwambia ni mawe ya juzi, hayajayeyuka vizuri. Akaniangalia, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Na aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ni nani? Mzee Hezekiah, na gunia lake. Aliuliza mazoezi yanaendeleaje. Alikuwa ameegemea gunia langu! Mkono wake ulikuwa juu ya kinanda kabisa. Nikamwambia kinanda kinapumzika. Akasema vizuri, hata ng'ombe wa kulima hupumzishwa.

Nilipanda lori juu ya magunia mpaka kiwandani. Kule nilikuwa nimepanga na Calvince, yule anayefanya kazi kwenye vitanda vya kunyausha. Alikuwa anaogopa. Alisema ana watoto watano, alisema supavaiza ni mkali. Nikamwambia jina lake litatajwa jukwaani Kericho kwa kipaza sauti. Nikamuuliza, juu ya kitanda cha majani mtu anaweza kupatwa na nini? Akakifukia kinanda mwisho kabisa wa kitanda, chini ya majani, akapiga ishara ya msalaba. Atakitoa kesho saa kumi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba.

Ijumaa, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Kwa sababu ya mvua majani yalizidi. Magari yalikuwa yamepanga mstari, vitanda vimejaa, na supavaiza akaamuru vitanda vya mwisho viondolewe mapema. Saa sita! Calvince alikuwa amekwenda kula. Wenzake wakayakusanya majani wakayasukuma kwenye mkanda, na mkanda haujui kinanda. Unapeleka tu mpaka kwenye meno ya chuma.

Mimi nilikuwa langoni na miwani yangu, nimefika mapema kwa furaha. Nilisikia sauti. Sitaki kuieleza. Baada ya hapo nikasikia ndege wakiimba mitini. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia ndege pale, kwa sababu kiwanda hakijawahi kunyamaza.

Kila kitu kilisimama. Lori zikasimama langoni zimejaa. Vituo vyote vya upande huu watu walikaa na magunia wakingoja gari lisilokuja, na majani yakaanza kuwa mekundu ndani ya magunia. Mama alirudi jioni na lake kichwani. Akammwagia ng'ombe. Ng'ombe akanusa, akageuza uso.

Habari zilifika kabla ya chakula. Wanasema ni redio. Redio ya fundi wa stima, aliiacha kwenye majani ikaingia mashineni. Amekubali mwenyewe mbele ya meneja. Kepher!

Nilimshukuru Mungu. Kisha nikaona aibu. Kisha nikamshukuru tena kidogo.

Jumamosi, 18 Mei

Kepher alikuja asubuhi na begi lake. Amefutwa kazi. Amerudisha funguo za chumba.

Aliketi kwenye kigoda cha Mama akaeleza bila kuinua sauti. Aliitwa afungue mashine. Ndani alikuta meno meupe, na kipande cha plastiki chenye plasta. Akajua. Meneja akauliza ni kitu cha nani. Calvince alikuwa amesimama pale akipiga ishara ya msalaba. "Calvince ako na watoto tano," Kepher akasema. "Mimi sina. Nikasema ni redio yangu."

Akatoa kitambaa mfukoni akakifungua juu ya meza. Meno manne ya kinanda. Na plasta, chafu, bado imeshikilia kipande chake. Akanisogezea.

Akasema, "Omera, mimi sikudai kitu. Lakini enda kanisa, uambie mzee ukweli. Hiyo kinanda ni ya watu. Walitoa kuku."

Nililia. Si maigizo, nililia kweli, makamasi yakatoka. Nikaahidi. Kepher akanipiga bega pole pole kama mimi ndiye niliyefukuzwa kazi. Mama akamletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kikubwa, kile cha wageni, akakaa akimtazama mpaka akamaliza. Mimi sijawahi kupewa kile kibuyu.

Alipofika mlangoni nilimuuliza kama kesho tutakutana Kericho kwa mashindano. Akabeba begi lake. Kisha akaenda.

Hakusema hapana.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani sikwenda. Nilimtuma Mama amwambie Mzee Hezekiah kwamba kinanda kimepelekwa Kisumu kusafishwa. Ukweli nitausema Jumapili ijayo. Kepher hakutaja tarehe.

Nilikwenda Two Leaves na kaseti ya mazoezi. Mpango rahisi: kaseti inapiga, mimi nainua mkono. Nani atajua? Mwenye klabu, Madam Aoko, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia yumo ndani ya kaseti. Akasema, "Kijana, usiniletee mchezo," lakini akaniandika wa mwisho.

Klabu ilikuwa imejaa, mapazia yamefungwa mchana ukaonekana usiku. Akapanda Bogonko na mpira wake wa vioo. Nyuma yake akapanda mtu mrefu. Nikavua miwani nione vizuri. Kepher. Kepher wangu! Shati jeupe, mikono safi, anacheka. Sikuwahi kujua ana mwanya.

Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Walipiga vizuri. Walipiga vizuri sana, na nilichukia kila dakika. Bogonko alikuwa anamtazama Kepher kila baada ya muda na kumngoja, na Kepher alikuwa anamngoja yeye. Hakuna aliyeinua mkono.

Zamu yangu. Nikaweka kaseti, nikavaa miwani, nikasimama katikati. Na watu wakacheza! Naapa. Kile alichopiga Kepher juu ya gunia la mahindi kiliwainua watu wa Kericho kutoka vitini. Nikainua mkono wa kulia. Msichana mmoja akainua wake. Nikaona chumba chenye stima, nikaona hata kitanda chake.

Ndipo Mama akatoka kwenye spika zote nne: "Kipson! We weri, we kijana! Ng'ombe iko kwa mahindi! Toka kwa hiyo upusi yako, ng'ombe iko kwa mahindi!"

Klabu ililipuka. Wengine walianguka chini kwa kucheka. Wakaanza kuimba, ng'ombe iko kwa mahindi, ng'ombe iko kwa mahindi, kwa mdundo kabisa. Walidai irudiwe. Madam Aoko mwenyewe alirudisha kaseti kwa kidole, wakacheza tena, na tena. Nikabaki nimeinua mkono kwa kukosa mahali pa kuuweka.

Bogonko na Kepher walishinda. Madam Aoko alinifuata mlangoni, nikadhani ni pole. Alitaka kujua yule mama anapatikana wapi, kwa sababu anaweza kumpa Jumamosi moja kila mwezi. Nikamwambia yule si sehemu ya kikundi.

Kepher alinisalimia. Akauliza jambo moja tu, kama nilikwenda kanisani. Nikamwambia mzee hakuwepo.

Nimeisikiliza kaseti upande mzima nikiwa ghalani, polepole, mpaka betri zikaanza kulegea. Kepher anapiga. Mama anaita. Mimi nasikika mahali pamoja. Nakohoa.

Jumanne, 21 Mei

Nimechuma chai. Kikapu cha baba bado kina harufu yake. Ninachuma vibaya, nachukua majani manne matano badala ya mawili na kichipukizi, na karani alinirudishia nusu mbele ya watu. Nililia katikati ya mistari. Hakuna aliyeona ila Mama, na Mama akahamia mstari mwingine ili nilie vizuri.

Nimekwisha.

Jumapili, 26 Mei

Niliamka nimeamua. Nitasema yote. Nilitia meno ya kinanda mfukoni, na ile plasta, viwe ushahidi. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Wazee wangu, kinanda kimekufa na mimi ndiye niliyekiua, na Kepher hana kosa. Mafupi. Mtoto angeweza kuyasema.

Kabla ya ushuhuda Mzee Hezekiah aliomba. Aliombea wagonjwa, aliombea mvua ipungue mawe. Kisha akasema tumwombee yule fundi aliyesimamisha kiwanda kwa ajili ya redio yake, watu wakamwaga majani na watoto wao wanangoja karo. Mungu amsamehe na amfundishe kujali kazi ya wenzake. Kanisa lote likasema amina. Na mimi nikasema. Amina yangu ilitoka kwa sauti kuliko zote, sijui kwa nini. Mama aligeuka akanitazama. Yeye alikuwa hajasema.

Wakaniita. Nikasimama mbele. Nikaona ile mikono yote juu ya mapaja, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, mikono iliyotoa kuku. Meno ya kinanda yalikuwa yananichoma mfukoni. Nikafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale, ulimini, ulikuwa umeshaanza kutoka.

Nikajisikia nikisema kinanda kimefariki Kisumu. Ugonjwa wa nyaya. Fundi alijitahidi. Mimi nilikuwa kando yake mpaka mwisho.

Watu waliguna kwa uchungu. Bibi mmoja alisimama akasema hata kijana mwenyewe ameisha mwili, tazameni shingo. Nyanchoka, mke wa mwalimu wa shule yetu, akaanza wimbo. Wakaimba pambio zote bila kinanda, na nitasema tu kwamba waliimba vizuri zaidi. Mama hakuimba.

Kisha wakaamua. Harambee nyingine. Kinanda kipya, kikubwa kuliko cha kwanza, wakati wa bonasi ya chai. Na mwenyekiti wa kamati, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza marehemu, ni mimi. Mikono yote juu! Nikajaribu kukataa, lakini si sana.

Nimesikia vile vipya vina midundo mia moja. Mia moja! Miguu yangu ilipata nguvu pale pale. Sotik wanajenga klabu, wanasema itafunguliwa mwezi wa kumi na moja, na bonasi inalipwa mwezi wa kumi. Kila kitu kimepangika chenyewe. Mpigaji nitampata. Kepher akisikia midundo mia moja hataweza kukaa na Bogonko, namjua. Na ukweli nitausema, ahadi ni ahadi. Nitausema siku kinanda kipya kitakapofika, watu wakiwa na furaha. Habari kama ile inataka watu wenye furaha.

Mzee Hezekiah alinishika mkono mlangoni, akanivuta kando wengine wasisikie. Kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua. Hicho kipya nacho kitakuwa na Misri, hakuna njia, wanavitengeneza hivyo. Na siku hizi mtu atapata wapi plasta nzuri, zile za zamani, zisizobanduka?

Nikatia mkono mfukoni. Nikamwambia asihangaike, plasta ninayo.